Maji Yaliisha Katika Kiriba

Somo: Mwanzo 21:8-19



Habari ya Hagari tunaijua. Ibrahimu aliamka mapema, akampa mkate na kiriba ya maji, akamwacha aende na mtoto. Huyo Ibrahimu alikuwa tajiri wa mifugo, feza na zahabu (Mwanzo 13:2). Lakini katika jangwa maji yaliisha, na mama akamweka mtoto chini ya kijiti asimwone akifa.

Ndoa ikivunjika, kuna wababa wanaofanya hivyo hivyo. Siku ya kuachana wanatoa gunia la unga na feza kidogo, wanasema: «Nimemaliza.» Unga unaisha, mtoto anakula kila siku! Kwa hiyo msaada uwe na tarehe: kila mwisho wa mwezi, kiasi kinachojulikana, kimeandikwa mbele ya mashahidi. Usiniambie kwamba masomo ni bure. Ndiyo, shule za msingi za serikali hazilipwi tangu 2019, lakini daftari, viatu na dawa ya malaria vinanunuliwa.

Wengine wanasema: «Nilitoa mali, watoto ni wangu.» Wanamnyang'anya mama, kisha wanawatupa watoto kwa bibi kijijini. Na wewe mama, usimfiche mtoto kwa sababu feza imechelewa. Mtoto si rehani. Wala msimtume kudai. Nilimwona msichana mdogo amesimama mlangoni kwa baba yake tangu asubuhi mpaka jua kali, karatasi ya deni mkononi. Ndiyo sababu ninasema kwa ukali.

Sheria ya Jamaa ya inchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016, inadai kwamba, hata mtoto akikaa kwa nani, baba na mama wote wawili wachangie malezi yake, kila mmoja kadiri ya uwezo wake. Anayekataa anaweza kuitwa tribinali. Afadhali tupatane kwanza hapa.

Kuna wanaokuja kuomba unabii wajue nani aliroga ndoa yao. Mimi nauliza: mtoto alikula nini jana? Katika mstari wa 17, kilio cha kijana ndicho Mungu alichosikia.

Basi, wenye shida hii, kujeni kwa mashemasi siku ya posho, baba na mama pamoja. Tutapanga watoto wanakaa kwa nani wakati wa masomo, kwa nani katika konje kubwa ya Julai na Agosti, na feza ngapi. Karatasi na kalamu viko. Ninyi leteni ukweli wa mshahara wenu.