Nyasi chini ya miashoki

Wengi tunaopanda miashoki kando ya ukuta, ili jirani wa ghorofani asione kila tunachoanika, huutazama mti juu tu: umefika wapi, umejaza majani? Miaka 2 ya mwanzo kazi iko chini. Nyasi huwahi maji na mbolea kabla ya mche, kwa kuwa mizizi yao imetanda kwenye udongo wa juu, palepale ambapo mche nao ndiyo kwanza unatafuta riziki.

Safisha duara la nusu mita kuzunguka kila mche, au afadhali ukanda mmoja kwa safu nzima. Ng'oa kwa mkono. Jembe likizama hukata mizizi michanga. Kisha weka matandazo ya majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya kiganja karibu na shina, maana unyevu ukikaa pale gome huoza. Penye mchwa, tandaza kidogo na ukague mara kwa mara.

Na fyekeo, jamani! Chakula hushuka kutoka majanini hadi mizizini kupitia gome. Likichubuliwa kuzunguka shina lote, mti hufa umesimama. Kijana anayekuja kufyeka uani aambiwe mapema asiukaribie ukanda huo hata kidogo. Masika yakishapita, mwagilia mara chache lakini kwa wingi, maji yazame na mizizi iyafuate.