Mpira Unakulipa Nini?

Hapa Isiolo, ukiwa msichana unayependa mpira, utaulizwa maswali mawili. La kwanza ni lile la kila siku: msichana na mpira, wapi na wapi? Hilo nimelizoea, halininyimi usingizi. La pili ndilo limenifanya niandike haya. Mathe huliuliza, wateja huliuliza, hata wasee wa rika langu huliuliza, tena kwa sauti ya mtu anayekutakia mema: "Sasa huo mpira unakulipa nini?"

Mimi ni wakala wa M-Pesa kwenye kiduka cha mjomba, upande wa Bulla Pesa. Nashabikia Arsenal na Harambee Stars, timu mbili ambazo ukizichanganya unapata subira ya kutosha hata ya kuuzia jirani. Arsenal ilimaliza ya pili kwenye Ligi Kuu ya Uingereza misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Harambee Stars, wacha tu. Kwa hivyo jibu langu ni fupi: haunilipi kitu. Ukipiga hesabu ya bando za data, usiku wa kukesha na sauti iliyokauka, mimi ndiye ninayeulipa.

Lakini kadiri ninavyoulizwa, ndivyo ninavyozidi kulishuku swali lenyewe. Mbona liulizwe? Ni nani alisema kila kitu mtu anachokipenda lazima kimletee kitu mkononi?

Angalia vile tunaishi siku hizi. Kitu ukikipenda tu, lazima ukigeuze hasla. Nina rafiki anayechora hina vizuri ajabu. Alikuwa akiwachorea binamu zake usiku wa kuamkia Idi, wakicheka mpaka kuche. Sasa kila mtu anamwambia afungue ukurasa, aweke bei, apige picha za kazi yake. Ukikimbia asubuhi kandokando ya barabara ya Moyale, utaambiwa utafute mbio zenye zawadi. Ukipika mahamri yakakubali, ati mbona huuzi? Siwalaumu wanaosema hivyo. Maisha ni magumu, kazi hakuna, na shilingi mia ni shilingi mia. Ila kuna kitu kinapotea pale ambapo hatuwezi tena kufanya jambo kwa sababu ni tamu tu.

Wahenga wako upande wa mathe. Kazi mbaya si mchezo mwema, walisema, maana yake hata kazi duni ina nafuu kuliko mchezo mzuri. Sina ugomvi na methali hiyo. Lakini ukiitazama vizuri utaona inapima vitu viwili kwa mizani moja, mizani ya kile kinachofika nyumbani jioni. Kwa mizani hiyo mchezo utashindwa kila siku, na si mchezo peke yake. Kivuli cha mgunga saa saba mchana nacho hakilipi. Hata hivyo sijawahi kusikia mtu akimuuliza mzee aliyeketi chini yake kinamlipa nini. Kila mtu anajua jua la Isiolo lilivyo.

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko sisi. Neno burudani ni ndugu wa neno baridi. Yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Kuburudika ni kupoa. Anayetafuta burudani anatafuta mahali pa kupumua ndipo arudi juani, na kivuli hakiitwi uvivu.

Na watu wa huku hawakungoja setilaiti iwaletee Ligi Kuu ndipo wacheze. Wasomali wana mchezo wa shax. Unachora mistari mchangani, kila mmoja anachukua vijiwe vyake 12, na mambo yanaanza. Uwanja ni ardhi, vifaa ni mawe, kiingilio hakuna. Mchezo ukiisha upepo unafuta kila kitu. Huwezi kuuza mchezo wa shax uliokwisha, wala kuuweka benki. Hata hivyo umedumu miaka na mikaka kati ya wachunga ngamia, watu ambao hakuna anayeweza kuwaambia hawaijui kazi.

Aristotle alisema tunahangaika na kazi ili tupate nafasi. Nafasi ndiyo mwisho wa safari, kazi ni njia. Ni kweli hakuwa mtetezi mkubwa wa michezo, kwake mchezo ulikuwa kama dawa ya uchovu. Lakini ule mpangilio wake unanifaa: kazi iko kwa ajili ya maisha. Mwaka 1938 Mholanzi Johan Huizinga aliandika kitabu kizima kuhusu mchezo, na moja ya alama alizoutambua nazo ni kwamba haufungamani na faida ya mali. Kwa maneno mengine, hilo mathe analoliona kasoro, yeye aliliona ndilo umbo lake.

Hapo mzee mmoja mteja wangu angenikatiza, na amenikatiza mara nyingi. Maneno ya vitabu ni matamu ukiwa umeshiba, husema. Anajua anachosema. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo huku kaskazini. Watu walizika mali yao yote kwa macho, ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Na ni katikati ya msimu ule wa tano, Jumamosi ya tarehe 10 Desemba 2022, Moroko ilipocheza na Ureno robo fainali ya Kombe la Dunia kule Katari. Mechi ilianza saa kumi na mbili jioni. Wengine walitoka kwenda kuswali magharibi, wakarudi wakakuta En-Nesyri ameshafunga kwa kichwa. Ilipoisha 1-0, timu ya Afrika ikaingia nusu fainali kwa mara ya kwanza tangu Kombe hilo lianze, na watu wakamwagika barabarani wakiimba.

Mzee aliniuliza: je, ile ilikuwa halali? Mizoga iko malishoni na nyinyi mnaruka ruka?

Ni swali zito na halistahili jibu jepesi. Jibu langu ni hili. Furaha ile haikumnyima mtu yeyote tone la maji. Kama kukaa kimya jioni ile kungeleta mvua, ningesema tulikosea. Lakini waliokuwa wakiimba, baadhi yao ndio waliopoteza mifugo. Kuwaambia wasifurahi mpaka hali iwe nzuri ni kuwaambia wasifurahi kamwe, kwa sababu hali ya maskini haijawahi kungoja kuwa nzuri. Ukame ulikuwa umechukua ng'ombe. Sioni ni kwa haki gani ungechukua na ile jioni.

Sasa nirudi dukani, kwa sababu kuna jibu lingine la swali la mathe ambalo vijana wengi wameligundua. Mpira unakulipa nini? Beti, utakulipa.

Nawaona Jumamosi, saa moja kabla ya mechi. Anakuja na hamsini bob, anaweka kwa simu, anasimama pale pale mlangoni akibonyeza. Mimi sioni pesa inaenda wapi baada ya hapo, lakini wananiambia wenyewe. Watanzania huuita mkeka: unapanga mechi nyingi pamoja, zote zikubali ndipo ulipwe. Moja ikikataa, mkeka umechanika.

Wacha tupige hesabu kidogo. Chukua mechi kumi ambazo kila moja ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Nafasi ya kuzipata zote ni moja kwa 1,024. Malipo ya haki kwa shilingi mia yangekuwa 102,400. Lakini kampuni haikupi mbili kwa moja, inakupa tuseme 1.90. Zidisha mara kumi, unapata kama 613. Mia yako italipwa 61,300. Hizo elfu arobaini na zaidi zilizobaki zimeliwa kabla refa hajapuliza kipenga, hata siku utakayoshinda.

Lakini hasara ya pesa si ndiyo inayonisumbua zaidi. Wengine wamelisema hilo vizuri, na hata serikali imejaribu. Mwaka 2025 bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yake yote kwa siku 30. Kinachonisumbua ni kile ambacho beti inaufanya moyo wa shabiki.

Tarehe 10 Agosti 2025, Kenya ilicheza na Moroko kwenye CHAN hapo Kasarani. Hayo ni mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kushiriki. Ryan Ogam akafunga kabla ya mapumziko. Kisha tukapewa kadi nyekundu, tukacheza kipindi chote cha pili tukiwa kumi. Dukani kwangu kulikuwa na watu saba wanaotazama kwa simu moja. Kila Moroko ilipokaribia goli, sita walikuwa wakiomba Mungu. Wa saba alikuwa ameshika kichwa. Alikuwa amewapa Moroko ushindi, na kwa kweli hakuwa mjinga, maana mwishowe Moroko ndio waliobeba kombe. Lakini kipenga kilipolia, 1-0, sisi tukikumbatiana, yeye alisema "nimechomeka" na akatoka nje.

Yule kijana ni Mkenya kama mimi, anaipenda Harambee Stars kama mimi. Siku ile tamu kuliko zote, alikuwa mtu pekee asiyeweza kuifurahia. Hamsini bob ndiyo iliyomnunua upande wa pili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba beti haijibu swali la mathe. Inalikubali tu, halafu inauza kile kilichokuwa chako ili kulijibu. Ukitaka ushahidi, tazama wengi walikohamia sasa: kile kindege kinachopanda kwenye simu mpaka kipasuke. Hakina timu, hakina kocha, hakina kijana aliyetoka mtaani kwenu. Mpira ulikuwa kisingizio tu, na kisingizio kimeshatupwa.

Wiki mbili baadaye tulitolewa na Madagaska kwa penalti, robo fainali. Tuliumia sote, pamoja na yule wa saba, ambaye siku hiyo hakuwa ameweka chochote. Nilimwona akiwa na huzuni safi, ile ya shabiki. Inaonekana ajabu kusema, lakini nilifurahi kwa ajili yake.

Je, basi niseme burudani ni njema mradi haina pesa ndani yake? Hapana. Kuna jambo ambalo sisi mashabiki hatupendi kuulizwa, na nadhani ndilo lenye uzito wa kweli. Badala ya "inakulipa nini", mtu atuulize: nani anailipia?

Kwa sababu saa mbili za mpira hazidondoki kutoka mbinguni. Kijana akiwa kwenye ukumbi wa video, kuna mtu anayeteka maji, anayewasha jiko, anayebembeleza mtoto. Mara nyingi ni mtu yule yule, kila Jumamosi. Mathe wangu hupenda tamthilia zake za jioni. Sijawahi kuona akimaliza kipindi kimoja bila kuitwa mara tatu: chai iko wapi, shati liko wapi, mgeni amekuja. Na tazama jambo hili: kazi zake zote za nyumbani nazo hazimlipi hata shilingi. Hakuna anayemuuliza zinamlipa nini. Zingepimwa kwa mizani ile ile tunayopimia mpira, mathe angekuwa mtu anayecheza tangu alfajiri. Mizani ambayo haiuoni mchezo wala haimwoni mama ina walakini, na ni yeye mwenyewe aliyefunzwa kuishika.

Mwezi Oktoba 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, walicheza Kombe la Dunia huko Jamhuri ya Dominika. Ni timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA la aina yoyote, na waliifunga Meksiko 2-1. Mimi huwaza kuhusu miaka ya kabla ya hapo. Kwa kila mmoja wao lazima kulikuwa na mtu nyumbani aliyekubali mtungi usubiri, au aliyeubeba mwenyewe, ili mtoto aende uwanjani. Mtu huyo alilipia burudani ya msichana kwa hiari yake. Tofauti kati ya hilo na Jumamosi zetu nyingi ni kwamba aliulizwa.

Kwa hiyo ninautetea mpira wangu usiolipa, lakini siutetei bure. Kama mapumziko si mshahara wa aliyepata pesa, basi ni haki ya kila mtu, hata ya yule ambaye hakuna anayemwita mchovu. Siwezi kudai kivuli halafu nimwache mtu juani akinishikia mwavuli. Kaka anayetaka kutazama mechi ya Arsenal aoshe vyombo kabla ya mechi, na tamthilia ikianza yeye ndiye aende kumfungulia mgeni mlango. Nyumbani kwetu tumeanza kulijadili hilo, na mjadala ni mkali kuliko wa kadi nyekundu.

Mathe bado huniuliza mpira unanilipa nini. Siku hizi namjibu kwamba haunilipi, na kwamba saa tatu kipindi chake kikianza simu yangu itakuwa imezimwa na chai nimeshaipika mimi.