Asiyehitaji Akiba ni Mmoja

Nilikuwa barazani kwa babu, kijijini Tura, nimekunjua mchoro wa mtambo wa kusukuma maji: kompyuta mbili za kuongozea pampu, njia mbili za umeme, vipimo vitatu vya kina cha tangi. Babu aliuangalia, akauliza: "Mjukuu wangu, yote haya ya nini? Humtegemei Mungu?"

Nikamkumbusha hadithi ya Mtume juu ya ngamia: hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Akatikisa kichwa. "Hiyo naijua. Ukishafunga kamba ya pili na ya tatu, umebakisha nini cha kutawakali?"

Sikuwa na jibu. Nililonalo sasa nimelipata kwa kuikumbuka aibu yangu.

Miaka ya nyuma, katika mtambo mwingine, nilifunga kompyuta mbili za namna hiyo. Ya kwanza ikifa, ya pili ishike. Maji yale yalikwenda hospitali. Usiku mmoja zote mbili zikazimika kwa pamoja. Nilishika tochi, nikafuata waya wa ya kwanza kwa kidole, kisha wa ya pili. Zikakutana kwenye fyuzi moja isiyozidi kipande cha chaki, nayo imeungua. Mchoro ule ulikuwa na saini yangu.

Nilidhani nimeweka viwili, kumbe nimeweka kimoja mara mbili. Wapagazi waliovuka Mgunda Mkali, pori kavu kati ya Ugogo na Unyamwezi, walibeba maji kwa vibuyu. Lakini vibuyu kumi vikijazwa kisima kimoja kibovu, ni sawa na kibuyu kimoja.

Kwa hiyo siku hizi kila kompyuta ina fyuzi yake na betri yake, katika chumba chake. Vipimo vitatu si vya aina moja: kimoja ni boya, cha pili kinapima mgandamizo chini ya tangi, cha tatu kinasikiliza sauti inayorudi kutoka juu ya maji. Tope likiziba kile cha chini, haliwezi kukidanganya kile cha sauti. Viwili vikikubaliana, pampu inavifuata. Na kila mwezi naizima kompyuta ya kwanza kwa makusudi, nione kwa macho yangu kama ya pili inashika.

Je, huko ni kukosa imani? Naamini ni kinyume chake. Kuwa mmoja, usiye na mwenza wala msaidizi, na bado usishindwe, ni sifa ya Mungu peke yake. Fundi anayeweka mashine moja na kulala usingizi juu yake amekipa chuma sifa isiyo yake. Akiba ni ungamo langu: hiki nilichokiunda kitakufa, na mimi niliyekiunda hukosea.

Juni 24, 2002, treni ya abiria ilipoteza breki mlimani huko Igandu, Dodoma, kwenye reli hii hii ya kati inayopita Tura. Ikarudi nyuma, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Idadi hiyo huwa nayo mezani kila ninapochora, na siwezi kumwambia yatima yeyote kwamba nilitawakali pale nilipopaswa kufunga kamba.

Niliporudi kwa babu nilimsimulia habari ya ile fyuzi, kisha nikamjibu kwa jina la kijiji chake. Kwa Kinyamwezi, Tura ni kuambiwa "tua mzigo". Misafara iliyotoka pwani ilifika hapa ikiwa imeshauvuka Mgunda Mkali. Tura ipo upande huu wa pori. Nikishavuka, nikishajaribu kila njia ninayoijua, yanabaki yale nisiyoweza kuyachora, nayo ni mengi. Hayo ndiyo ya kutawakali. Ila anayetua mzigo katikati ya Mgunda Mkali hajautua, ameutupa.

Babu alinyamaza kidogo. "Basi," akasema, "nionyeshe kwenye mchoro wako fyuzi ziko wapi."