Maji ya Chumvi na Haki ya Mjukuu

Msomaji, je, kitu kisichotufaa leo ni halali yetu kukiharibu? Mwaka 2013 Serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kuwa maji mengi yamevumbuliwa chini ya ardhi ya Turkana, karibu na Lodwar na katika bonde la Lotikipi, upande wa Kakuma. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini visima vya majaribio vya Lotikipi vilitoa maji ya chumvi.

Duniani wako wataalamu watafutao maji ya chumvi, yaliyo katika kina kipitacho mita 800 na kufunikwa na mwamba usiopenyeka, ili wafukie humo hewa ya ukaa izidishayo joto la dunia. Norwe ilianza kazi hiyo chini ya bahari mwaka 1996. Kazi ni njema. Walakini chumvi huweza kuondolewa, na kiu ya kesho haina kipimo. Basi mchagua mahali na apime mwamba, kisha apime haki: awaulize wenye nchi, awakumbuke wasiozaliwa. Maji aliyoyatema babu huenda yakawa uhai wa mjukuu.