Nusu ya Kumi na Sita Si Nane

Ukifunga koilova kwenye gari, yaani shokapu na springi zilizoungana ambazo unaweza kuzibadilisha urefu na ugumu, swali la kwanza utakalouliza ni: niweke ngapi? Juu ya kila shokapu kuna kitufe kidogo cha kuzungusha. Kila ukikizungusha kinalia, kliki, kliki, na kila kliki inabana au inafungua tundu ambamo mafuta ya ndani ya shokapu hupita. Za kwenye gari la nyumbani kwetu zina kliki 16. Gerejini, kijiweni, hata kwa rafiki ambaye hajawahi kushika spana, jibu utakalopewa ni moja: weka nane. Weka katikati, huwezi kukosea.

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na tasnifu yangu inahusu wazo la wastani katika maadili. Pengine ndiyo maana jibu hilo linanikera kuliko inavyostahili. Lina sura ya busara. Linafanana na ushauri tunaopewa tangu utotoni: usiwe mkali sana, usiwe mpole sana, usiwe bahili, usiwe mfujaji, kaa katikati. Lakini nane ni nusu ya kumi na sita kwenye karatasi tu. Barabarani haina maana yoyote mpaka ujue gari lina uzito gani, springi zake zina nguvu gani, linapita wapi na limembeba nani.

Aristotle aliliona hili mapema. Katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako anatofautisha katikati ya kitu na katikati kwa upande wetu sisi. Mfano wake ni wa chakula. Ikiwa kula ratili kumi ni kingi mno na ratili mbili ni kidogo mno, haifuati kwamba mwalimu wa mazoezi atampa kila mtu ratili sita. Kwa Milo, mwanamieleka aliyesifika kwa nguvu, sita huenda zikawa chache. Kwa anayeanza mazoezi leo, zikawa mzigo. Hesabu ya nusu ni rahisi, na urahisi wake ndio unaotushawishi tuamini kwamba tumeshafikiri.

Vijana wenzangu wengi wakifika hapa huruka haraka hadi upande wa pili. Kama hakuna namba moja sahihi, wanasema, basi kila mtu na ladha yake. Mmoja anapenda gari liko chini linalambana na lami, mwingine anapenda linalonesa kama kitanda. Usihukumu. Nimesikia hoja hiyo hiyo kwenye mijadala ya ndoa, ya malezi na ya fedha: kwa kuwa jibu linategemea mtu, hakuna jibu.

Gari linakataa hoja hiyo. Shokapu ikiwa laini mno, gari likishavuka tuta haliachi kunesa. Linashuka, linapanda, linashuka tena, na katika kupanda huko tairi linapungukiwa na uzito unaoliwezesha kushika barabara. Ikiwa ngumu mno, tairi linaporuka juu ya kijiwe halipati muda wa kurudi chini. Linadundadunda juu ya rasta badala ya kuzifuata. Kwa hali zote mbili, ukishika breki wakati huo, unaomba msaada kwa tairi ambalo halijagusa ardhi vizuri. Kwa hiyo jibu linategemea gari, mzigo na barabara, na bado kuna majibu yaliyokosewa. Kitu kinaweza kutegemea hali na kikawa na usahihi wake. Daktari hampi kila mgonjwa dozi moja, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba dozi ni suala la ladha.

Kuna pia mambo ambayo hayana katikati kabisa. Aristotle anataja wizi na uuaji: hakuna kiasi sawa cha kuiba. Kwenye gari, ukiinua mbele kuliko nyuma, taa nazo zinaangalia juu, na anayekuja mbele yako usiku anapofushwa. Huwezi kusema umempofusha kwa wastani. Tairi linalosugua fenda kila unapokata kona nalo halina kliki yake ya haki.

Sasa nieleze kilichotokea nyumbani, maana bila hicho haya yote yangebaki darasani.

Gari ni Toyota Altezza, moja ya zile zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1998 na ambazo bado utaziona nyingi Dar es Salaam. Kaka yangu alinunua koilova zilizotumika na kuzifunga, akalishusha gari hadi kati ya tairi na fenda pakabaki nafasi ya vidole viwili. Lilipendeza, siwezi kukataa. Lakini gari hilo hilo ndilo linalompeleka Mama kliniki ya mgongo, na kutoka kwetu Goba hadi barabara kuu kuna kipande cha vumbi chenye mashimo na, baada yake, rasta na matuta. Safari ya tatu Mama alisema, "Wanangu, gari lenu hili linanimaliza." Kaka akafungua boneti, akazungusha vitufe hadi mwisho wa ulaini, kisha akafanya hivyo hivyo nyuma. Safari ya nne haikuwa na nafuu. Kaka akahitimisha: "Mama, hizi ni za spoti. Ndivyo zilivyo."

Fundi tuliyempelekea hakugusa kitufe. Alimuuliza kwanza nani anakaa nyuma na ana kilo ngapi. Kisha akafunga klipu ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, akaizungushia taratibu isilegee, akatutuma tukapite barabara yetu ya kila siku. Tuliporudi, klipu ilikuwa imesukumwa juu hadi ikabanwa kwenye raba, ile inayowekwa mwisho wa fimbo ili shokapu isigonge chuma kwa chuma. "Mdogo wangu," aliniambia, "hii gari haina ugumu. Haina nafasi."

Maelezo yake niliyaandika kwenye daftari la tasnifu. Springi ina nguvu yake, na nguvu hiyo haibadiliki kwa kuikaza. Zetu za mbele zina alama ya 8, maana yake zinahitaji kilo 8 ili zishuke milimita moja. Ukiibebesha kilo 320, itashuka milimita 40. Ukiikaza milimita 10 kabla ya kuibebesha, mzigo utaishusha 30 zilizobaki, na gari litakaa juu zaidi kidogo, lakini springi ni ile ile ya kilo 8. Watu wengi wanaokaza springi wakisema wanaifanya iwe ngumu, wanachobadilisha ni mahali inapoanzia tu. Ugumu tuliouhisi sisi ulitoka kwingine. Gari lilikuwa limeshushwa kiasi kwamba kila shimo liliimaliza safari ya shokapu, na Mama alikuwa amekalia raba. Kulainisha kitufe kulizidisha tatizo, kwa sababu shokapu laini hufika kwenye raba haraka zaidi.

Fundi alipandisha kikalio cha springi kwa milimita 25, gari likapanda na fimbo ikapata pa kusafiria. Boliti za bushi alizilegeza kwanza, akazikaza gari likiwa limesimama kwenye tairi zake, ili bushi zisibaki zimejipinda. Akapima urefu kila kona mahali palipo tambarare, akatutuma alaimenti, maana urefu ukibadilika tairi nazo hubadilisha mwelekeo. Mwisho kabisa ndipo akashika vitufe, na alivifanya viwe vigumu kuliko kaka alivyoviacha: kliki sita kutoka kwenye ulaini mbele, nne nyuma. Mama alisema gari limekuwa laini.

Kwenye kiti, ugumu wa kitufe na ugumu wa kuishiwa nafasi vinaumiza mgongo ule ule. Dawa zake ni tofauti, na dawa ya mmoja inaweza kuuzidisha mwingine.

Mwaka huo huo kaka alikuwa amepunguzwa kazi. Ndani ya miezi michache alikuwa mtu ambaye huwezi kumuuliza kitu. Mtoto wake akiomba daftari, anafoka. Mama akiuliza ameamkaje, anajibu kwa mkato. Ndugu wakaanza kusema amekuwa mgumu, na kila mmoja alimletea ushauri wa namna moja: jishushe, tulia, kuwa mpole. Walikuwa wanazungusha kitufe. Hakuna aliyepima ni umbali gani uliobaki kati yake na raba. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika, ada ilikuwa imepita muda, na alikuwa amekopa kwenye simu ili alipe mkopo mwingine wa simu. Shilingi elfu tano ya daftari ilikuwa kijiwe kidogo kwa mwenye kazi. Kwake kila kijiwe kilifika mwisho. Wahenga wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Najua mfano huu una mipaka, na mahali unapokatika pana umuhimu. Gari halichagui. Kaka alichagua maneno yake, na mtoto wa miaka saba aliyefokewa hakuumia kidogo kwa sababu baba yake ana madeni. Kueleza ugumu umetoka wapi hakufuti maumivu ya aliyekaa nyuma. Ningekuwa mwongo kama ningetumia springi kumtetea kaka mbele ya mwanawe. Ninachodai ni kidogo zaidi ya hapo: sababu ya ugumu haibadilishi jeraha, lakini inabadilisha wajibu wetu sisi tunaotazama. Kumhubiria upole mtu aliyeishiwa nafasi ni kumsogeza karibu zaidi na raba, kwa sababu sasa ana deni jingine, la kuwa mtulivu.

Na kumpa nafasi si bure. Hili nalo nililijua kwa fundi. Ukiinua kona moja ya gari, unaongeza uzito kwenye kona hiyo na kwenye ile inayotazamana nayo kimshazari, na kuzipunguzia mbili nyingine, kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Huwezi kurekebisha kona peke yake. Mama alipowachukua wajukuu kwa miezi minne, uzito ulihamia kwangu: nauli za kliniki, chakula cha watoto wawili, na sura moja ya tasnifu iliyochelewa. Sisemi hayo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu tunapenda kuzungumzia kumsaidia mtu kana kwamba uzito unayeyuka. Unahama, na ni haki anayeupokea aulizwe kwanza. Mimi niliulizwa. Shangazi yetu aliulizwa pia, akasema hawezi, na sikuona kosa lake. Yeye naye alikuwa na milimita chache.

Basi narudi kwenye swali la falsafa. Wastani ni nini, kama si nusu? Aristotle mwenyewe anakiri kwamba hukumu katika mambo haya hukaa kwenye jambo moja moja, na huamuliwa kwa kulitazama jambo lenyewe. Niliposoma hapo mara ya kwanza niliona kama anakwepa. Sasa naona anatupa kazi. Anayetaka kuwa wa haki katikati ya ukali na upole anapaswa kufanya alichofanya fundi, na kwa mpangilio ule ule: aulize nani amebebwa, apime nafasi iliyobaki, arekebishe kinachobana, na kitufe cha tabia akiguse mwisho. Sisi huanza na kitufe kwa sababu ndicho kiko juu, kinafikika bila jeki.

Kuna jambo la anayeshika usukani pia. Kaka alikuwa mkweli aliposema yeye hahisi shida yoyote. Dereva ana usukani wa kujishikilia na analiona shimo kabla halijafika. Aliyekaa nyuma hupokea tu. Ndiyo maana sikubali kwamba mwenye gari ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu gari lake likiwa na watu ndani. Kipimo sahihi kinahitaji ushahidi wa wale wasiokuwa na usukani, na katika familia nyingi, kama katika nchi nyingi, hao ndio wa mwisho kuulizwa safari ilikuwaje.

Kaka amepata kazi nyingine, si nzuri kama ile. Bado ana maneno makali siku nyingine, na siku hizo sasa huwa namwambia wazi kwamba ameumiza mtu, kwa sababu nafasi anayo. Gari nalo limeshatembea tangu lirekebishwe. Springi hujikalia kidogo kadiri zinavyotumika, na mwezi ujao inabidi tupime upya kona zote nne, Mama akiwa amekaa nyuma.