Nikaha Ng'ambo ya Mpaka

Nyakahanga si mbali na Rwanda, na vijana wa huku hupata wachumba huko. Baadhi hudhani kwamba walii, mahari na mashahidi wakipatikana, yote yametimia. Kwa dini, naam. Lakini Serikali ya Rwanda haitambui ndoa ila ile ya mume mmoja na mke mmoja iliyofungwa mbele ya ofisa wake. Nikaha peke yake huko si ndoa kisheria. Nayo Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 huitazama ndoa ya nje kwa utaratibu wa nchi ilikofungwa. Mume akifariki, huenda mjane akasimama mbele ya hakimu wa mirathi, watoto wakiwa mgongoni, wala hana hati!

Kurani Tukufu (4:22, tukihesabu Bismillahi) huiita ndoa ahadi iliyo imara, na katika 4:60 yatuamuru kuwatii wenye mamlaka. Mtume s.a.w. aliagiza nikaha itangazwe. Je, kuandikisha si kutangaza?

Basi aoaye Rwanda na aende kwanza kwa ofisa wa huko, ndipo nikaha isomwe. Afungaye ndoa hapa Tanzania atoe taarifa siku 21 kabla.