Mashine na Sahihi ya Mganga

Mionzi itumiwayo kutibu saratani ya mapafu haina macho. Huua chembe za ugonjwa, lakini huunguza pia sehemu zilizo nzima. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza ya matibabu hapana budi kuandaa mpango: kuchora juu ya picha za kifua mipaka ya uvimbe, ya moyo, ya umio na ya ugwe wa mgongo, kisha kuhesabu mionzi ipite wapi na kwa kiasi gani. Kazi hiyo huweza kuchukua siku kadhaa. Siku hizi programu za kompyuta, zilizofundishwa kwa mifano ya mipango iliyotangulia, zaweza kuandaa mpango kwa muda mfupi sana.

Hapo lazuka swali la dhamiri: Je, ni halali mganga atie sahihi mpango ambao hakuuandaa mwenyewe?

Wengine hujibu: La, uhai wa mtu haukabidhiwi chombo. Jibu hilo halitoshi. Uvimbe hukua wakati mgonjwa angojapo zamu yake. Naye azuiaye msaada kwa sababu ya woga tu ana la kujibu.

Wengine husema: Mashine haichoki wala haisahau, basi iachwe ifanye. Hao nao wamekosa. Mashine hufuata yale watu waliyozoea kutenda, na mazoea yaweza kuwa na kosa. Zamani waganga wengi walidhani kwamba kuzidisha mionzi kungeponya zaidi. Hospitali za Marekani na Kanada zikalinganisha kipimo cha grei 60 na cha grei 74 kwa wagonjwa ambao saratani yao ya mapafu ilikuwa imeenea kifuani. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yalikuwa kinyume cha matumaini: nusu ya waliopewa grei 60 waliishi zaidi ya miezi 28, nusu ya waliopewa grei 74, zaidi ya miezi 20 tu. Ikaonekana pia kwamba mionzi mingi moyoni iliambatana na kufa mapema. Lau mashine ingalifundishwa kwa mipango isiyojali moyo, ingalilirudia kosa lile upesi na kwa wagonjwa wengi. Mtu aweza kukiri kosa akageuka. Mashine hungoja mtu aigeuze.

Basi, mganga aweza kupokea mpango wa mashine, mradi auchungue kweli, mstari kwa mstari, akimfikiria mgonjwa huyu na si wagonjwa kwa jumla. Atiaye sahihi bila kuchungua amesema uongo, hata kama mpango ni mwema. Nazo saa zilizookolewa ni mali ya mgonjwa kwanza: aelezwe, aulizwe, asikilizwe.

Siku mgonjwa atakapouliza, “Ni nani aliyeamua?” yapasa awepo mtu wa kujibu, “Ni mimi.”